Uso, Kanzu na Karatasi ya Picha

Picha ya Idd humpima fundi kuliko picha nyingi. Ipigwe Kiamaiko, mtaa wa Eastlands unaojulikana Nairobi nzima kwa mbuzi wake: uso wa kahawia iliyokolea, kanzu nyeupe pe, jua la saa sita. Negativu ya rangi hubeba vyote hivyo bila taabu. Kazi huharibikia kwenye karatasi.

Anayesafisha picha za nyeusi na nyeupe anaweza kubadili kontrasti kwa kichujio tu, karatasi ikiwa ile ile. Karatasi ya rangi haimpi nafasi hiyo. Vichujio vya njano na majenta kwenye enlaja, mashine ya kukuzia picha, hurekebisha rangi peke yake (picha ikielemea njano, fundi huongeza njano, wala hapunguzi). Kontrasti huamuliwa dukani.

Kodak iliwahi kuuza karatasi za Endura za aina tatu: Portra, laini, kwa ajili ya nyuso; Supra, ya wastani; na Ultra, kali, yenye rangi zilizokolea. Kwa Ultra, picha yetu ya Idd ingeumia: ukiokoa uso, kanzu inapoteza mikunjo yote, ukiokoa kanzu, uso unazama gizani. Portra ndiyo iliyofaa, hata kama rangi zake zilionekana zimepoa.

Vipimo vya maabara navyo havikumsaidia mteja mweusi. Kwa miongo kadhaa mashine zilirekebishwa kwa kadi ya Shirley ya Kodak, yenye picha ya mwanamke Mzungu. Kadi ya wanawake wa rangi mbalimbali ilikuja katikati ya miaka ya 1990. Kuzipima nyuso zote kwa uso mmoja lilikuwa kosa kubwa la kiufundi, na waliolilipia ni wateja.

Leo karatasi nyingi za rangi zinalenga mashine za leza. Chini ya enlaja bado zinafanya kazi, katika dawa ya RA-4, kwa sekunde 45 na nyuzi 35 za Selsiasi, lakini nyingi ni kali. Fundi hupunguza ukali huo kwa kuimulika karatasi kidogo sana kabla ya kuchapa, au kwa kuanza na filamu laini kama Portra 160.

Kwa hiyo, msomaji, usinunue boksi kubwa kwanza. Chukua negativu moja yenye uso na kanzu, ichape kwenye karatasi mbili tofauti, zikaushe kabisa kwa sababu karatasi iliyolowa hudanganya rangi, kisha zilinganishe kwa mwanga wa mchana.