Wakili na Kifungu cha Kufuta

Wakili anayeandikia kampuni changa za teknolojia mikataba, akafundisha chuoni na bado akatetea wakimbizi, huonekana na wengi kama mtu asiyejua anachotaka. Mimi naona ufundi wake ni mmoja: kuuliza mapema, mfumo ukikosea, ataumia nani. Tazama kaskazini-mashariki mwa Kenya. Wakati wa ukame, familia za Wakenya Wasomali zilijiandikisha katika kambi ya Dadaab kama wakimbizi ili zipate chakula, na wengi wao, watoto wakiwemo, wakachukuliwa alama za vidole. Mtoto akafika miaka 18, akaenda kuomba kitambulisho, akaweka kidole kwenye mashine, ikajibu kwamba huyu ni mkimbizi. Bila kitambulisho hawezi kufungua akaunti ya benki wala kusajili laini ya simu. Mashine haikukosea kusoma kidole. Kilichokosekana ni utaratibu wa kufuta rekodi: anafuta nani, kwa ombi la nani, ndani ya siku ngapi. Kifungu cha namna hiyo huandikwa vizuri na mtu aliyekaa na wahandisi na pia akakaa na kijana huyo.

Ndiyo maana kesi ya Huduma Namba, mfumo wa Kenya wa utambulisho wa kitaifa, haikuhitaji ufasaha wa Katiba peke yake. Mahakama Kuu ilipokataa mwaka 2020 ukusanyaji wa DNA na wa mahali watu walipo kwa GPS, kulikuwa na mawakili walioelewa data inaishi wapi. Na kufundisha? Katika kliniki ya sheria, mwanafunzi huelekezwa asimjazie mkimbizi tarehe asiyoikumbuka, asije akahojiwa tena tarehe zikagongana. Nidhamu hiyohiyo ndiyo inayohitajika kukagua madai ya kampuni inayotafuta wawekezaji.

Watasema mshika mawili moja humponyoka. Huponyoka, kweli, kwa anayefanya yote nusunusu, na wapo. Pingamizi zito zaidi ni mgongano wa maslahi: anayeishauri kampuni iliyouza mashine za vidole hawezi kumwakilisha kijana aliyekwama kwazo, na kijana akimkataa atakuwa na haki. Lakini katazo hilo ni la jalada lile. Halimzuii kumwambia mteja mwingine, anayetaka kusajili wakimbizi kwa simu, kwamba hatasaini mkataba wake mpaka namna ya kufuta iandikwe.