Kiswahili cha Amri na Kiswahili cha Madai: Uhakiki wa Elimu ya Uraia kwa Vijana wa Nateete

Mtaala wa sekondari ya chini ulioanza kutekelezwa nchini Uganda mwaka 2020 uliyaweka masomo mawili bega kwa bega: Historia na Elimu ya Siasa, na Kiswahili, kilichofanywa cha lazima katika kidato cha kwanza na cha pili. Makala hii inadai kuwa masomo hayo hayajakutanishwa. La kwanza humweleza kijana vyombo vya dola kwa Kiingereza. La pili humwandaa kwa biashara na utangamano wa kikanda. Lugha ya kuidai haki mbele ya mwenye mamlaka haina mwalimu. Hasara hiyo huonekana vyema zaidi tukitazama mtaa mmoja: Nateete, katika Divisheni ya Rubaga, kwenye barabara itokayo Kampala kwenda Masaka.

Kiswahili si mgeni Nateete. Alexander Mackay, mmisionari wa CMS aliyefika Buganda mwaka 1878, alikuwa na kituo chake hapo, na kabla ya Luganda kupata vitabu vyake alisomesha kwa tafsiri za Kiswahili za Askofu Steere wa Zanzibar. Katika ikulu ya Kabaka Mutesa wa Kwanza lugha hiyo ilikwisha kufika pamoja na wafanyabiashara wa pwani. Vijana waliomzunguka Mackay walijulikana kwa jina moja tu, wasomaji. Watatu kati yao, Kakumba, Serwanga na Lugalama, ambaye alikuwa bado mtoto, waliuawa Busega, jirani na Nateete, tarehe 31 Januari 1885. Huadhimishwa kama wafia dini, na ni haki yao. Hata hivyo, swali la uraia linabaki limefunikwa: ni nani aliyekuwa na uwezo wa kumkamata kijana anayesoma, kwa shitaka gani, na nani angesimama kumtetea? Somo la Elimu ya Siasa lingeweza kuanzia hapo, mahali ambapo mwanafunzi wa Nateete anaweza kupafikia kwa miguu.

Baadaye Kiswahili kilibadili vazi. Kikawa lugha ya jeshi la kikoloni na ya polisi. Mwaka 1929 Kabaka Daudi Chwa akaandika kukipinga kisifanywe lugha rasmi. Na mwaka 1973 utawala wa Idi Amin ukakitangaza kuwa lugha ya taifa. Mzazi aliyekisikia kwenye kizuizi cha barabarani hakusikia hoja, alisikia vitenzi vya amri: simama, kaa chini, leta kitambulisho. Sisi wapenzi wa Kiswahili, tukutanapo katika makongamano kama hili, huipita historia hiyo mbiombio na kukimbilia soko la Afrika Mashariki. Marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005 yaliyokifanya lugha rasmi ya pili, na uamuzi wa Baraza la Mawaziri wa Julai 2022, havikuifuta kumbukumbu hiyo. Itafutika, ikiwa itafutika, pale kijana atakapoitumia lugha hiyohiyo kusema: tunaomba maelezo, kwa mujibu wa ibara ya 38 tuna haki ya kushiriki, tunapinga kwa sababu hizi. Miundo hii inafundishika. Ni sarufi ya kawaida, wala si uchochezi.

Tatizo la somo la pili ni la namna nyingine. Muundo wa serikali za mitaa hufundishwa kama ngazi, kuanzia baraza la kijiji, LC1, hadi LC5 ya wilaya. Mchoro ni sahihi. Lakini baada ya mwaka 2001 uchaguzi wa LC1 haukufanyika tena hadi Julai 2018, wapiga kura walipopanga mistari nyuma ya wagombea wao. Mtoto aliyezaliwa Nateete mwaka 2001 alitimiza takriban miaka 17 akikariri kwamba mwenyekiti wa kijiji huchaguliwa na wananchi, na hajapata kuliona jambo hilo likitendeka. Muhula huo ulipokwisha mwaka 2023, uliongezwa. Somo lisiloruhusu kuuliza kwa nini linafundisha jambo moja kwa uhakika: kwamba vyeo vipo na maswali hayapo.

Maswali hayo hutafuta njia nyingine. Septemba 2009, Kabaka Mutebi alipozuiwa kwenda Kayunga, ghasia zilizuka Buganda. Watu zaidi ya 20 waliuawa, na kituo cha polisi cha Nateete kikateketezwa kwa moto. Kuchoma kituo si ushiriki wa kiraia, na hakuna mtaala unaopaswa kukusifu. Lakini shule inayokaa kimya kuhusu jengo lililoungua mtaani mwake imeiachia barabara kazi ya kueleza. Julai 2024 vijana waliojaribu kuandamana kwenda Bungeni kupinga ufisadi walikamatwa kwa makumi. Wengi wao walikuwa wamepita katika shule zetu. Lawama zisimwangukie mwalimu: analipwa na serikali ileile ambayo angetakiwa kuihoji, na hofu yake ina msingi.

Mlango mmoja upo ndani ya mtaala wenyewe. Asilimia 20 ya alama za mwisho hutokana na tathmini endelevu, na kazi za mradi zinaruhusiwa. Mwalimu wa Kiswahili na yule wa Historia wangeweza kuwapa wanafunzi mradi mmoja: kuandika kwa Kiswahili barua ya madai kwa Divisheni ya Rubaga kuhusu mafuriko ya mfereji wa Nalukolongo, wakitaja ofisi husika, sheria na tarehe wanayotarajia jibu. Jibu likija, linasomwa darasani. Lisipokuja, kimya hicho nacho kinajadiliwa. Ila barua hiyo ikipelekwa kweli, atakayeulizwa kwanza ni mwalimu mkuu. Kwa hiyo waraka wa Wizara ya Elimu na Michezo unaomruhusu kuipeleka unahitajika kabla ya kitabu kipya cha kiada.