Mjibu kwa Vina Vyake

Nikiwa kidato cha pili, mwalimu wa Kiswahili alitupa zoezi: chukua shairi la mwenzako, ulipinge kwa shairi. Langu liliangukia kwa kijana wa dawati la nyuma aliyesifia maisha ya mjini, vina vya kati -ni, vya mwisho -ka. Mimi mtoto wa shamba nikamtolea uvivu beti sita, kwa vina nilivyovipenda mwenyewe. Daftari likarudi na wino mwekundu: "Hujamjibu. Umepiga kelele pembeni."

Sheria nilikuwa naijua, nilijitia kuisahau. Anayejibu shairi huifuata bahari ya aliyeanza: mizani nane kwa nane, vina vilevile, na akiwa fundi, hata kibwagizo humgeuzia mwenyewe. Usiku ule nikaanza upya, nagonga vidole mezani kuhesabu mizani. Kila nilipotaka neno la -ka nilikuta kesha litumia: taka, nyika, zunguka. Nikabaki na choka na shaka. Katika kupekua huko, mstari kwa mstari, nikafika ubeti wa nne, ambao mara ya kwanza niliuruka kwa hasira. Alikuwa anamtaja baba yake, aliyekwenda mjini kutafuta kazi asirudi. Haikuwa sifa ya mji hata kidogo.

Ufundi huu wa kujibizana ni wa zamani. Muyaka bin Haji wa Mombasa alirushiana tungo na Bwana Zahidi Mngumi wa Lamu enzi ambazo miji hiyo miwili ilishikiana silaha. Baadaye magazeti, Mambo Leo likiwa mojawapo tangu 1923, yakawapa malenga uwanja mpana zaidi: shairi likitoka leo, majibu yanasubiri posta. Msidhani walikuwa wapole. Kuna matusi yaliyofungwa kwenye mafumbo humo ambayo ukiyafumbua huwezi kuyasoma mbele ya mkweo. Lakini hata mwenye kutukana alilazimika kumsoma kwanza anayemtukana, tena kwa makini.

Midahalo ya shuleni haina sharti hilo. "Mheshimiwa mwenyekiti, waheshimiwa majaji, mtunza wakati…" na makofi. Niliipenda, nikiri, na ilinitoa woga wa kusimama mbele za watu. Ila upande wa kupinga huja na hotuba mfukoni kabla wa kuunga mkono hawajafungua mdomo, na anayeshinda mara nyingi ni mwenye sauti.

Mwaka 1968 Abdilatif Abdalla, kijana wa Mombasa, alitoa kijikaratasi kilichoitwa Kenya: Twendapi? Swali, basi. Serikali ikalijibu kwa kitu kisicho na vina wala mizani: kifungo cha miaka mitatu. Gerezani akatunga, mashairi mengine akiyaandika kwenye karatasi za chooni, na mwaka 1973 yakatoka kitabuni kwa jina la Sauti ya Dhiki. Kitabu hicho kikaja kupata Tuzo ya Fasihi ya Jomo Kenyatta, jina la rais yuleyule ambaye serikali yake ilimfunga.

Ndani yake limo shairi "Mnazi: Vuta N'kuvute". Alii na Badi wanagombania mnazi. Huyu anasema, yule anajibu, hakuna anayemkata mwenzake kauli. Aliyenyimwa wa kujibizana naye alijitungia wawili.

Siku hizi nami nafundisha, na shairi hilo hulisomesha kwa kuligawa darasa: safu za dirishani Alii, za mlangoni Badi. Wanasoma kwa raha, kila upande una hakika mnazi ni wake. Tukifika katikati nawaambia wabadilishane. Ghafla darasa zima linanung'unika, na yupo mmoja, kila mwaka hakosi, anayenyoosha mkono kuuliza kama anaweza kubaki alikokuwa.