Ulimi wa Askari katika Michezo ya Televisheni

Gongo la Mboto ni kitongoji cha Dar es Salaam, katika wilaya ya Ilala, kando ya barabara iendayo Pugu. Atokaye mjini kwa barabara hiyo hupita kwanza uwanja wa ndege, kisha Ukonga, penye gereza na kambi ya polisi wa kutuliza ghasia, ndipo afikapo Gongo la Mboto yenyewe, ambako maghala ya silaha ya jeshi yalilipuka usiku wa tarehe 16 Februari 2011 na kuua watu zaidi ya 20. Wakazi wa pande hizi hawakuijua sare kwa picha. Askari ni jirani yao, mpangaji mwenzao, abiria mwenzao katika daladala, na pengine ni mtu wa kuogopwa. Sauti yake waijua, nayo aghalabu si ya kupayuka. Askari aliyezoea kazi yake huuliza jambo moja mara mbili kwa maneno yale yale, hunyamaza, kisha huandika.

Kwa sababu hiyo mtazamaji wa Gongo la Mboto ni hakimu mgumu wa mchezo wa polisi katika televisheni. Mwigizaji aweza kuvaa kofia na mkanda sawasawa, akashika pingu sawasawa, na bado akakataliwa mara tu afunguapo kinywa. Desturi ya wahakiki ni kuulaumu ufukara: gari la kuazima, bunduki ya mbao, kituo kilichopakwa rangi jana katika sebule ya mtu. Lawama hiyo ina kweli yake, lakini haifiki chini. Yafaa kuuliza swali jingine ambalo halihitaji fedha kulijibu: mwigizaji huyu alikuwa nani kabla ya kuvishwa sare? Maana kila mwigizaji huja na ulimi aliofunzwa na kazi yake ya kwanza, na ulimi hauvuliwi kama kanzu.

Mfano ulio wazi watoka Kenya. "Inspekta Mwala," mchezo ulioanza kuonyeshwa na Citizen TV mwaka 2007, pengine ndio mchezo wa polisi wa Kiswahili uliopendwa kuliko yote. Mwigizaji wake mkuu, Davis Mwabili, alitoka katika "Vioja Mahakamani," mchezo wa miaka mingi wa shirika la utangazaji la serikali ya Kenya. Ni vema kukitazama chuo hicho alichotoka. Katika mchezo wa mahakamani kila mtu ana mahali pake: hakimu yu kitini, mshtakiwa yu kizimbani, shahidi yu mbele ya wote. Hakuna akimbiaye wala afukuzwaye. Mchezo wote umo kinywani. Mshtakiwa hutafuta wokovu kwa maneno, huyapinda, huyarudia, hulisikia neno la sheria akalidhania jingine, na kicheko hutoka katika lafudhi ya alikozaliwa. Aliyehitimu katika chuo cha namna hii hujifunza mambo mawili asiyoyasahau: kwamba neno ndilo silaha, na kwamba adui wa kulipigana neno hilo yu mbele yake daima.

Mwabili aliyachukua mambo hayo mawili akayapeleka kituoni. Kituo cha Mwala ni mahakama isiyo na hakimu. Watu huja na mashauri yao, naye huyakata kwa ulimi. Ucheshi huo haukosi ufundi, tena ufundi wa hali ya juu, na asiyecheka apimwe moyo wake. Ila hakuna katika kituo hicho mtu aliyeogopa kweli. Kicheko huwahi mlangoni kabla ya hofu, kikaizuia kuingia. Mama aliyelala nje ya kituo halisi akingoja dhamana ya mwanawe hatajiona humo.

Tanzania Bara njia ilikuwa nyingine, ingawa ilifika karibu na hapo hapo. Zanzibar ilikuwa na televisheni tangu miaka ya 1970, lakini Bara haikuwa nayo mpaka mwaka 1994, ITV ilipoanza. Kwa hiyo waigizaji waliotokea katika vioo vya miaka ile ya kwanza hawakuwa na mlango wa kupitia ila miwili. Wa kwanza ulikuwa Radio Tanzania Dar es Salaam, nyumba ya Pwagu na Pwaguzi, ambako sauti ilifanya kazi yote ya uso. Wa pili ulikuwa vikundi vya utamaduni kama Muungano, na baadaye Tanzania One Theatre ya Kapteni John Komba, vilivyotoa katika usiku mmoja ngoma, sarakasi, taarabu, vichekesho na mchezo wa kuigiza.

Mlango huu wa pili wastahili kutazamwa kwa makini zaidi. Maonyesho hayo yalifanyika katika kumbi za vinywaji, penye kelele za viti na chupa. Sauti ilipasa kuifikia meza ya mwisho. Ishara ya mkono ilipasa kueleweka na mtu aliyekwisha kunywa bia tatu. Mchezo wenyewe aghalabu haukuandikwa. Waigizaji walipatana juu ya kisa, kisha kila mmoja akatunga maneno yake papo hapo. Ni ustadi mkubwa, na michezo ya televisheni ya mwanzo iliurithi ustadi huo pamoja na hasara yake. Askari katika kisa cha namna hii ni mtu wa kuja mwishoni. Ana sentensi mbili za kumkamata mwovu, naye hana historia, mke, wala mashaka. Pasipo maandishi, mwigizaji hutoa neno la kwanza lililo karibu na ulimi, na lililo karibu kwa kawaida ni mzaha wa zamani wa askari mwenye lafudhi ya Kikurya, mzaha ambao Wakurya wenyewe huucheka kwa adabu tu. Hivyo lafudhi huchukua nafasi ya tabia. Mtu hupewa kabila badala ya kupewa moyo.

Huenda msomaji akasema: basi na wachukuliwe askari wastaafu waigize uaskari wao. Jambo hili limejaribiwa kwingine, na matokeo yake yafundisha. Katika mchezo wa Marekani uitwao "Law & Order," Dennis Farina aliingia mwaka 2004 kuwa mpelelezi, naye kabla ya uigizaji alikuwa polisi wa Chicago kwa miaka 18. Mtu aliyemtangulia katika nafasi ile alikuwa Jerry Orbach, aliyekuwa mpelelezi wa kioo tangu mwaka 1992. Orbach hakuwahi kuwa askari. Alikuwa mwimbaji wa jukwaani New York, mtu wa michezo ya nyimbo na dansi, aliyeimba katika "The Fantasticks" mwaka 1960 na katika "Chicago" mwaka 1975. Farina ana mwendo wa kweli wa mpelelezi. Hapana awezaye kumfundisha namna ya kuingia mlangoni. Lakini Orbach ndiye aliyekaa miaka 12 na kuaminiwa. Mwimbaji huyo alikuwa na sikio. Alijua mahali pa kukata pumzi, akajua kwamba neno zito husemwa kwa sauti ndogo. Na katika "The Wire" (2002 hadi 2008) kulikuwa na jambo la kuchekesha zaidi: Jay Landsman, mpelelezi halisi wa Baltimore, aliigiza luteni mwenye jina jingine, ilhali mhusika aliyeitwa Jay Landsman aliigizwa na Delaney Williams. Yaani mtu halisi hakupewa hata jina lake mwenyewe, wala mchezo haukuharibika.

Kwa hiyo asili ya uchekeshaji si kosa la mwigizaji wetu. Mchekeshaji ana sikio kama la mwimbaji. Upungufu ni kwamba sikio hilo limezoezwa kusikia namna moja tu ya usemi, ule wa kuiga lafudhi, na hakuna aliyelipeleka kituoni likasikilize.

Kenya imekwisha jaribu kuiacha njia ya kicheko. Mwaka 2021 Showmax na Canal+ walitoa "Crime and Justice," mchezo wa wapelelezi wa Nairobi, ukiongozwa na Sarah Hassan na Alfred Munyua. Hassan alijulikana kwanza kwa "Tahidi High," mchezo wa maisha ya shule wa Citizen TV. Hakutoka katika nyumba ya vichekesho, na yaonekana. Anatazama kabla ya kusema. Uso wake waweza kubeba swali lisilotamkwa. Lakini hapa pana jambo la kumhuzunisha apendaye lugha. Uzito ulipoingia, Kiswahili kilisogea kando; Kiingereza kimechukua nafasi kubwa katika mchezo huo. Mtu akiitazama michezo hii miwili pamoja hawezi kukosa kuona mgawanyo wa kazi: mpelelezi wa kuchekwa asema Kiswahili, mpelelezi wa kuaminiwa asema Kiingereza. Hapana aliyepitisha amri hiyo. Imejipitisha yenyewe kupitia njia za watu walizozipita kufika mbele ya kamera.

Na bado Kiswahili cha mpelelezi asiyechekesha kimekwisha kusikika Dar es Salaam, tena si kwa mwigizaji. Kimesikika katika vibanda vya video, kwa vinywa vya watu wanaosimulia filamu za kigeni kwa Kiswahili juu ya sauti ya asili. Aliyesifika kuliko wote alikuwa Mukandala, aliyejulikana kwa jina la Lufufu. Msimulizi mmoja huwa mpelelezi, huwa mwuaji, huwa mjane, wote kwa koo moja, na mtoto wa kibandani hufahamu ni nani anayesema. Mengi katika masimulizi hayo yameongezwa chumvi, na mengine yamezushwa kabisa. Hata hivyo mshtakiwa wa kigeni huulizwa kwa Kiswahili alikuwa wapi usiku ule, na kibanda kizima hunyamaza kungoja jibu.

Usemi wenyewe wa kazi haukosekani. Mtuhumiwa, mahabusu, hati ya mashtaka, dhamana, maelezo ya onyo: maneno haya yatumika kila siku, na mahakama za mwanzo zimekuwa zikiendesha mashauri kwa Kiswahili kwa miongo mingi. Mwaka 2021, mwaka ule ule wa mchezo wa Nairobi, sheria ya Tanzania ilibadilishwa ili Kiswahili kiwe lugha ya mahakama. Mahakama ya Kisutu, katikati ya mji, huendesha mashauri yake mbele ya umma, na mwananchi aweza kuketi nyuma akasikiliza. Kutoka Gongo la Mboto ni safari ya daladala. Mwigizaji atakayekaa pale wiki moja atamsikia askari wa kweli akitoa ushahidi chini ya kiapo, akiulizwa na wakili tarehe, saa na mahali, akijibu kwa maneno machache kuliko yoyote yaliyopata kutamkwa na askari wa kioo.