Asilimia 15 inafuata shimo

Wandugu wahitimu, kila tukikaa kuzungumza habari ya mji na mukini, maneno yanaenda njia moja tu. Mji una pesa, mukini hakuna kitu, basi pesa zitoke huku ziende kule. Na mtu akiuliza zitaendaje, jibu liko tayari mdomoni: Kanuni ya Madini ya 2018 imeshamaliza shida hiyo. Mimi nasema haikumaliza. Hapa kwetu Lualaba sheria ile imeziba pengo moja kidogo na kufungua lingine, na hili la pili hatulioni kwa sababu wengi wetu tunaliangalia tukiwa Kolwezi.

Tuisome yenyewe kwanza. Sheria namba 18/001 ya tarehe 9 Machi 2018, iliyorekebisha ile ya 2002, inagawa mrabaha wa madini, ule tunaouita redevansi, namna hii: katika kila dola 100, 50 ni za serikali kuu, 25 za jimbo, 15 za mji, komini, sekta au sheferi ambamo mgodi unachimbwa, na 10 za mfuko wa vizazi vijavyo. Shaba inalipa 3.5%. Kobalti, tangu itangazwe madini ya kimkakati mwishoni mwa 2018, inalipa 10%. Juu ya hapo kampuni inatoa angalau 0.3% ya mauzo yake kwa miradi ya jamii zinazozunguka mgodi.

Kanuni ya 2002 nayo ilikuwa na asilimia 15 ya maeneo, ila pesa zilipitia hazina ya taifa, na sote tunajua zilivyokuwa zinapanda Kinshasa na kusahau njia ya kurudi. Ya 2018 inaamuru kampuni ilipe moja kwa moja kwenye akaunti ya eneo. Hapo sina ubishi, ni hatua nzuri. Mtu anayekula vumbi la malori na kunywa maji ya mto uliopitiwa na asidi ana haki ya kulipwa mbele ya wengine.

Lakini chukueni ramani. Jimbo letu lina wilaya tano: Mutshatsha, Lubudi, Dilolo, Sandoa na Kapanga. Mashimo makubwa ya shaba na kobalti yamekaa Kolwezi kwenyewe, Mutshatsha upande wa Luilu, na Lubudi upande wa Fungurume. Sasa niambieni, Musumba kule Kapanga, makao ya Mwant Yav, penye historia ambayo nusu ya jimbo hili linajivunia, inapata ngapi katika zile dola 15? Sifuri. Ile 0.3% je? Sifuri pia, kwa kuwa hakuna kampuni ya kuizunguka. Sandoa vilevile. Kisenge ilikuwa na manganizi yake, mpaka vita vya Angola vilipoifunga reli ya Benguela katika miaka ya 1970.

Kwa hiyo sheria tunayoisifu kwamba inapeleka pesa vijijini haijui kijiji ni nini. Inajua shimo. Mkulima wa mihogo wa Kapanga na mkulima wa mihogo wa Luilu wote ni watu wa mukini, wote wako mbali na hospitali nzuri, lakini mmoja babu yake alijenga juu ya jiwe la kijani na mwingine hakujenga hapo. Hiyo ni bahati, na bahati haiwezi kuwa siasa ya maendeleo. Matokeo tunayaona kila siku: kijana wa Sandoa hangoji asilimia, anapanda gari anakuja Kolwezi kuchimba. Nusu ya tunachokiita shida ya mji huu ni vijiji vya magharibi vilivyohamia hapa na mifuko ya raffia.

Na hata kule kwenye shimo, msidhani mambo yamenyooka. Wakuu wa sekta wanateuliwa. Mabaraza ya sekta na sheferi, ambayo sheria inataka yachaguliwe na wananchi, hayajawahi kuchaguliwa tangu katiba ya 2006. Desemba 2023 tulipiga kura ya madiwani katika baadhi ya komini za miji, vijijini hapana. Maana yake akaunti ya eneo imejaa kuliko zamani, na mwanakijiji hana diwani wa kumuuliza zimekwenda wapi.

Kuna jambo lingine linalonikera zaidi, maana ni la zamani kuliko kanuni yoyote. Vitu vya maendeleo vinapita juu ya vijiji vyetu bila kushuka. Mabwawa ya Nzilo na Nseke yalijengwa miaka ya 1950 kwa ajili ya Union Minière, na mpaka leo migodi ndiyo inayotangulia kula kuran. Baadaye ikaja laini ya Inga hadi Kolwezi, iliyokamilika mwaka 1982, karibu kilomita 1,700. Imevuka nchi nzima juu ya vichwa vya watu waliokaa na vibatari, kwa sababu ni umeme wa aina ambayo huwezi kuukata njiani ukampa mtu wa katikati. Lazima ufike kituo cha Kolwezi kwanza. Wahandisi walijua hivyo tangu mwanzo. Shabaha ilikuwa migodi. Leo Benki ya Dunia inahesabu kwamba vijijini mwa Kongo mwenye umeme ni kama mmoja katika mia.

Sasa tunaimbiwa Lobito. Reli ile ile ya Benguela, iliyofika kwetu mwaka 1931, inafufuliwa na mataifa makubwa yanaigombea. Inapita Dilolo, Kasaji, Mutshatsha. Mimi nafurahi, lakini nauliza: gari la moshi litasimama? Litapakia mahindi na mihogo, au litapita na shaba tu kama laini ya Inga inavyopita na umeme? Kama hakuna mabehewa ya mizigo midogo na ghala kwenye stesheni, mama wa Kasaji atabaki kulihesabu linavyopita. Na hili si jambo la huruma. Bukari tunayokula Kolwezi kwa sehemu kubwa inatoka Zambia kupitia Kasumbalesa. Mwaka 2024 ukame ulipoipiga Zambia, kila nyumba hapa ilielewa maana ya kutegemea shamba la jirani huku ardhi ya magharibi imelala.

Wengine watasema, ngoja, kuna programu ya wilaya 145. Ndiyo, ipo: bajeti ya dola bilioni 1.6 hivi, shule, vituo vya afya na ofisi za utawala katika kila wilaya ya nchi. Angalau hiyo inafika Kapanga. Ila inahesabu majengo. Kituo cha afya kisicho na taa, dawa wala muuguzi anayelipwa ni nyumba nzuri yenye bati jipya.

Kinachonishangaza ni kwamba dawa ya hili shimo-bila-shimo tayari imeandikwa. Kifungu cha 181 cha katiba kinaunda Mfuko wa Taifa wa Usawazishaji, wenye haki ya 10% ya mapato yote ya taifa kila mwaka, kazi yake ikiwa kurekebisha tofauti kati ya majimbo na kati ya maeneo. Nayo sheria ya 2008 ya maeneo yaliyogatuliwa inataka fedha zinazoyafikia zigawanywe kwa uzalishaji, ukubwa wa eneo na idadi ya watu, vyote vitatu. Kanuni ya Madini yenyewe imechukua kimoja tu. Kenya nao waliweka mfuko wa namna hiyo katika katiba ya 2010, 0.5% ya mapato kwa miaka 20, kwa maji, barabara, afya na umeme wa sehemu zilizoachwa nyuma. Ulichelewa na kugombaniwa mahakamani, lakini wananchi wa kaskazini wanajua jina lake na wanaudai. Sisi wetu ni mkubwa mara ishirini kwenye karatasi, na wangapi kati yetu tuliosoma sheria tumewahi kuudai?

Tusingoje Kinshasa hata hivyo. Zile dola 25 za jimbo hazifungwi na shimo. Bunge la jimbo linaweza kupitisha edi inayosema sehemu fulani ya mrabaha wa jimbo inakwenda Dilolo, Sandoa na Kapanga kwa kuhesabu watu na umbali, na kwamba itumike kwa barabara na umeme mdogo wa jua au wa maporomoko kabla ya ofisi. Tukianza na kitu chepesi: bajeti ya jimbo ichapishwe kwa safu tano, wilaya kwa wilaya, na Kolwezi iwe na safu yake peke yake. Mwenye mbunge anayemjua amwombe hizo safu kabla ya kikao cha bajeti kinachokuja, atuletee hapa tuzisome pamoja.