"Nishati Tuli": Uhakiki wa Istilahi

Baadhi ya waandishi wa sayansi kwa Kiswahili huiita "nishati tuli" ile nishati ambayo kitu huwa nayo kwa sababu ya pale kilipo au jinsi kilivyo. Jina ni fupi, tena mwanafunzi hulikariri kwa urahisi. Lakini linapotosha jambo lenyewe, na upotofu huo si mdogo.

Na itazamwe nazi ya kilo 2 iliyo juu ya mnazi, meta 10 kutoka chini. Kilo hizo zikizidishwa kwa 9.8, ambayo ndiyo kadiri ya mvuto wa dunia, kisha kwa meta 10, hupatikana jouli 196. Kikonyo kikikatika, nazi ifikapo nusu ya njia jouli 98 zimekwisha kugeuka nishati ya mwendo, na 98 nyingine ingali nazo vile vile. Wakati huo inashuka kwa kasi ya karibu meta 10 kila sekunde. Ni nani aliye chini ya mnazi huo atakayesema kwamba juu yake pana kitu tuli? Kisha nazi itakapotulia mchangani, hapo ndipo "nishati tuli" yake, ikipimwa kutoka mchangani, huwa sifuri. Mwanafunzi anayejua maana ya "kaa tuli" atakosea mahali pote pawili, wala lawama si yake.

Chanzo chaweza kufuatwa. Mwaka 1853 William Rankine wa Uskoti alizitaja nishati mbili kwa jozi: iliyo katika uwezekano na iliyo katika utendaji. Mwaka 1862 Thomson na Tait waliliacha jina la pili, wakaweka la Kiyunani lenye maana ya mwendo. La kwanza likabaki mjane. Yaelekea mfasiri wa Kiswahili, akiona "mwendo" upande mmoja, alitafuta kinyume chake tu. "Nishati ya uwezo" nayo haifai, kwani nishati yenyewe hufasiriwa kuwa ni uwezo wa kufanya kazi. Huo ungekuwa uwezo wa uwezo.

Waarabu, ambao neno nishati limetoka kwao ingawa wao kwa dhana hii hutumia jingine, husema nishati ya jinsi kitu kilivyowekwa. Wajerumani nao husema Lageenergie, kwa maana iyo hiyo. "Nishati ya mahali" ingeifaa nazi, lakini si upinde uliovutwa, ambao haukutoka mkononi mwa mpigaji na hata hivyo umepata nishati. "Nishati ya mkao" huchukua yote mawili. Ni kweli kwamba mkao hutokana na kukaa, na yuko atakayefikiri habari za kuketi. Udhaifu huo wavumilika. Maana nishati hii si mali ya nazi peke yake, bali ya nazi pamoja na dunia. Nazi ile ile, ikingali juu ya mnazi, ikipimwa kutoka chini ya kisima cha meta 5 kilicho kando yake, ina jouli 294, nayo haikujongea hata kidogo.