Biblia Mbooni: Njeo, Tafsiri na Mamlaka ya Neno

Mkristo wa vilima vya Mbooni anaposema kuwa Biblia ni ya kuaminika na kwamba neno lake ndilo la mwisho, mwanateolojia hutaka kujua anaamini nini. Mwanalugha hana budi kuuliza swali jingine: anaamini maneno yapi? Ukambani, Neno hilo limefika kwa mikono ya wafasiri. Krapf, aliyeingia Ukambani mwaka 1849, alichapisha Injili ya Marko kwa Kikamba mwaka 1850 huko Tübingen. Mwanzoni mwa karne ya 20 wamisheni wa Africa Inland Mission walifungua vituo katika nchi hiyo, Mbooni kikiwa kimojawapo. Agano Jipya kwa Kikamba lilitoka mwaka 1920, na Biblia nzima mwaka 1956. Kwa hiyo mamlaka ya Biblia Mbooni yana historia ya kiisimu, na historia hiyo yafaa kuhakikiwa.

Aliyelikabili jambo hili kwa kina kuliko wengine ni John Mbiti, mzaliwa wa Kitui (1931–2019), katika kitabu chake *New Testament Eschatology in an African Background* (1971). Anaonyesha kwamba waumini wa Ukambani walifundishwa habari za moto, mji wa mbinguni na kurudi kwa Yesu kana kwamba ni vitu vya kushikika, vitakavyotokea karibuni. Ishara ikageuzwa kuwa kitu chenyewe. Sehemu hii ya hoja yake ina nguvu, kwani inathibitisha kuwa matini yaweza kuwa ya kuaminika ilhali mafundisho yaliyojengwa juu yake hayaaminiki.

Lakini Mbiti hakuishia hapo. Alidai kwamba chanzo kimo katika lugha yenyewe. Njeo za Kikamba zinazohusu wakati ujao, asema, hazivuki miezi michache, au miaka miwili kwa wingi. Basi Mkamba hana mahali pa kuliweka tumaini la mbali. Katika *African Religions and Philosophy* (1969) aliziita pande mbili za wakati huo kwa maneno ya Kiswahili, Sasa na Zamani.

Byang Kato wa Nigeria, aliyefanya kazi Nairobi hadi kifo chake mwaka 1975, alimpinga vikali katika *Theological Pitfalls in Africa* (1975). Alihofu kuwa mila za Kiafrika zikifanywa kipimo cha Maandiko, mamlaka ya Maandiko yataporomoka. Hofu hiyo haikosi msingi. Hata hivyo, pingamizi la Kato ni la kiteolojia, na dai la Mbiti limesimama juu ya sarufi. Dai la sarufi hujibiwa kwa sarufi.

Kosa la hoja ya Mbiti ni kuifanya njeo kuwa sawa na fikira. Kiswahili kina kiambishi kimoja, *-ta-*, kwa jioni ya leo na kwa miaka mia ijayo. Hakuna athubutuye kusema kwamba Mswahili hawezi kuzitenganisha nyakati hizo. Lugha husema wakati kwa vielezi, kwa wosia, kwa viapo na kwa masimulizi, si kwa kitenzi peke yake. Wakamba wenyewe husimulia habari za Syokimau, nabii aliyetabiri kuja kwa wageni na kwa reli iliyofanana na nyoka mrefu. Hata tukisema masimulizi hayo yalipata umbo lake baada ya reli kufika, kule kusimuliwa kwake kwatosha kuonyesha kuwa utabiri wa mambo ya mbali si mgeni kwao. Kiapo cha kithitu nacho huogopwa kwa sababu madhara yake humwandama mwapaji mwongo na jamaa zake katika siku zijazo. Tena neno *zamani* halimaanishi wakati uliopita tu. Waneni husema *zamani hizi* wakikusudia siku za leo.

Jibu lililo bora zaidi alilitoa Mbiti mwenyewe. Katika miaka ya 2010, akiwa amepita umri wa miaka themanini, alitoa tafsiri yake ya Agano Jipya zima kwa Kikamba kutoka Kigiriki. Kama lugha hiyo haikuweza kulibeba tumaini la mbali, kazi hiyo isingaliwezekana. Mfasiri amemkanusha mwananadharia.

Hapo ndipo lilipo fundisho kwa wale wanaohofu kwamba uhakiki wa tafsiri humpunguzia muumini imani. Mbiti hakurudi kwenye Kigiriki kwa kuwa aliyadharau Maandiko. Alirudi kwa kuwa aliyaheshimu kiasi cha kutotosheka na maneno yaliyokuwapo. Kumkataza muumini asihoji tafsiri ni kumtaka aweke imani yake kwa mfasiri, jambo ambalo Kato mwenyewe asingelikubali.

Idara zetu za lugha za Kiafrika zina deni hapa. Tafsiri ya 1920, ya 1956 na hii ya Mbiti ziwekwe bega kwa bega, na njeo zichunguzwe kifungu kwa kifungu, hasa katika nyaraka kwa Wathesalonike ambamo Paulo anazungumzia kurudi kwa Bwana. Kazi hiyo ikifanywa vema, msomaji wa Mbooni atajua ni wapi anaposikia Maandiko, na ni wapi anapomsikia mfasiri.